Udongo Unaokula Chuma

Mwaka 1986 niliulizwa swali dukani nikashindwa kulijibu, na kwa kuwa nilikuwa kijana mwenye cheo kidogo na kofia ya serikali kichwani, sikukubali kwamba nimeshindwa. Nilikuwa nimetumwa Dodoma mjini kutoka Mpwapwa kununua minyororo mitatu ya msumeno wa injini, ule ambao vijana huuita chenso. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alishusha visanduku viwili kutoka rafuni, akaviweka juu ya meza, akaniuliza, "Mwanangu, unakwenda kukata nini, na wapi?"

Nikamwambia, "Nipe ulio mkali kuliko yote, mzee."

Akanitazama kidogo, akarudisha kisanduku kimoja rafuni, kile kingine akanifungia kwa gazeti na kuongeza viwili vya aina hiyo hiyo. Nililipa, nikadai stakabadhi, nikaenda zangu kituo cha basi nikiwa nimeridhika kabisa. Kulijibu swali la mzee yule kumenichukua muda mrefu kuliko utumishi wangu wote, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni mtu mwingine.

Kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa kufungua upya njia ya mpaka katika milima ya Kiboriani, ile iliyosimama baina ya Kongwa na Mpwapwa. Haikuwa barabara. Ilikuwa njia ya mguu, upana wa watu wawili kupishana, ili walinzi wa msitu wapite, na moto ukipanda kutoka mashambani upate mahali pa kukomea. Njia ya zamani ilikuwa imezibwa na vichaka vya miiba na miti iliyoanguka, na visiki vyake vilikuwa vimechipua tena kwa hasira.

Msomaji asiyeijua nchi yetu ya kati huenda akafikiri kwamba njia ya mguu ni jambo dogo. Nchi hii imeishi kwa njia za mguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikajaza vibuyu vya maji, ikaikabili Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, kabla ya kuingia Ugogo na kuanza kulipa hongo kwa watemi. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871. Njia waliyoifuata ilikuwa nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwenziwe, na ilipinda bila sababu ya kuonekana. Sababu ilikuwapo. Mti ukianguka njiani, mpagazi mwenye mzigo wa ratili sitini au sabini hasimami kuukata. Anauzunguka, na wa nyuma yake anafuata nyayo. Mti ukaoza, ukaliwa na mchwa, ukatoweka, na lile pindo la njia likabaki pale pale miaka na miaka. Wapagazi hawakuwa wavivu. Walijua kwamba katika jua lile, kukata kitu kisicholazimu kukatwa ni kupoteza maji ya mwili.

Nikifika hapo nalitaja neno mnyororo kwa uangalifu, maana minyororo ya kwanza kupita katika njia zile haikuwa ya kukatia miti. Bibi yangu mzaa baba hakupenda neno lenyewe litamkwe ndani ya nyumba wakati wa chakula. Hakutueleza kwa nini, nasi hatukumwuliza.

Mnyororo niliosimuliwa kwa kirefu ulikuwa mwingine, nao ulitoka baharini. Baba yangu aliuona Kongwa mwaka 1947, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na alikufa akiusimulia.

Historia ya mradi wa karanga imeandikwa na wengi, kwa hiyo nitaipitia upesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo kwamba Tanganyika ilimwe karanga kwa mashine. Ukatumwa ujumbe chini ya John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo hapa Tanganyika, ukazunguka wiki tisa, kwa ndege na kwa gari, ukarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. John Strachey, Waziri wa Chakula, akaikubali. Kongwa ikachaguliwa iwe ya kwanza. Mwaka ule wa kwanza zilitakiwa ekari 150,000 ziwe zimefyekwa. Zilizofyekwa hazikufika elfu kumi. Mradi ulipofutwa mwezi Januari 1951 ulikuwa umekula pauni milioni 36 hivi.

Hayo ni ya vitabuni. Ya baba yangu yalikuwa ya chini, ardhini, yalipogusana chuma na udongo.

Alisema kwamba makatapila yalipofika, mengi yakiwa yametumika vitani, wenyeji walidhani pori litakwisha kwa mwezi. Vilikuja hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Lakini pori la Kongwa ni pori la kusokotana. Miti yake si mirefu, wala si minene, isipokuwa mibuyu. Nguvu yake iko chini. Katapila likisukuma kichaka, kichaka kinalala, likipita kinainuka. Likikita sahani yake chini ili kung'oa, mizizi inaipinda. Ilipofika Septemba mwaka ule wa 1947, karibu theluthi mbili ya mashine zilikuwa zimelala karakana. Na mibuyu ilikuwa na mambo yake: mmoja ulitumika kama mahabusu ya kijiji, mwingine ulikuwa mahali pa tambiko, mingi ilikuwa na nyuki ndani. Dereva aliyegonga mbuyu wenye nyuki, baba alisema, aliacha injini ikinguruma akakimbia, na katapila likaendelea kwenda peke yake.

Hapo ndipo mafundi walipogundua jambo la maana. Walichukua mnyororo mrefu, wakaufunga baina ya makatapila mawili makubwa, yakaenda sambamba huku yameachana, na mnyororo ukaburuta pori lote lililokuwa katikati. Katapila la tatu lilifuata nyuma kuisukuma miti mikubwa iliyokataa. Mnyororo uliofaa kazi ile ulikuwa wa nanga ya meli, maana wa kawaida ulikatika. Wakaagiza. Maofisa wa London walipoiona karatasi iliyoomba minyororo ya nanga kwa ajili ya Kongwa, mbali kabisa na pwani, walidhani ni mzaha, wakaifuta oda.

Wasomaji wa Kiingereza hucheka sana wakifika mahali hapo. Mimi huwa sicheki sana. Yule karani wa London alikuwa na kichwa timamu: nanga ni ya meli, meli ni ya bahari, Kongwa haina bahari. Kosa lake ni kwamba hakuuliza, "Mnakwenda kukata nini, na wapi?" Angeuliza angejibiwa.

Minyororo ilikuja hatimaye. Kazi ya baba ilikuwa kuufuata kwa miguu na kuunasua uliponasa katika kisiki. Ilikuwa kazi ya hatari, kwa sababu mnyororo ulionasa huku makatapila yanavuta hukaza kama upote wa upinde, na ukichomoka hakuna ajuaye utapiga wapi. Baba aliushika mnyororo wa meli kwa mikono yake miaka kumi na mitano kabla ya kuiona bahari. Nilipokuwa mdogo alinionyesha kwa viganja viwili unene wa pete moja, nami nikaamini kwamba alikuwa anatia chumvi. Hakuwa anatia chumvi.

Lakini alikuwa na neno lingine, ambalo sikulitilia maanani. Alisema mnyororo ule haukukata kitu. Ulilaza tu. Mizizi ilibaki chini, na vyuma vilivyotumwa kuifuata vililika kama sabuni. "Udongo wa kwetu unakula chuma," ndivyo alivyokuwa akisema, na alisema hivyo hata akinoa jembe lake la mkono. Udongo wa Kongwa ni mwekundu, una mfinyanzi na ndani yake mna chembe za mchanga mgumu. Mvua ikinyesha unateleza, jua likipiga unakuwa tofali. Karanga zilizokubali kuota zilifungiwa humo ndani kama zimejengewa, na mashine za kuzichimbua zikasagika meno.

Basi mimi, mtoto wa mtu huyo, nilinunua mnyororo bila kumwuliza mtu yeyote habari ya udongo.

Tulianza kazi mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi. Tulikuwa watu tisa, na msumeno mmoja. Aliyeushika alikuwa kibarua wa miaka ishirini na miwili, hodari, mwenye mikono mizuri. Alikuwa amejifunza kwa kutazama tu, kama tulivyojifunza wengi wetu. Simtaji jina. Asubuhi ya kwanza mnyororo mpya uliimba. Ulitoa maranda manene, marefu, na tawi la mgunga lilikatika kabla hatujamaliza kusogea. Nilijipongeza.

Kisha tukafika kwenye visiki. Njia ya mguu haivumilii kisiki kirefu. Mtu atajikwaa usiku. Kwa hiyo nilimwagiza akate chini kabisa, usawa wa ardhi. Pia tulikuta magogo yaliyolala miaka mingi, ambayo mchwa walikuwa wameyafunika kwa udongo wao. Atokaye nchi ya mvua hajui jambo hili: kwetu mchwa huupandisha udongo ndani ya mti. Utaona gogo limesimama safi, kumbe chini ya ganda limejaa mchanga uliosagwa na kusindikwa. Msumeno ulipoingia humo ukatoa cheche. Kabla ya saa nne mnyororo ulikuwa hautoi maranda tena, unatoa unga, mweupe na laini kama wa muhogo. Msumeno unaotoa unga haukati, unasugua. Mshikaji anapaswa kuukandamiza, mikono inachoka, injini inapata moto, mnyororo unalegea.

Siku ya tatu minyororo yote mitatu ilikuwa butu. Tupa tulikuwa nayo moja, tena si ya saizi yake. Ndipo nikatoa amri ambayo naiandika hapa kama ilivyokuwa. Mbele ya kila jino la msumeno kuna kinundu kidogo cha chuma. Niliwahi kumsikia mtu akisema kwamba kinundu kile kikipunguzwa, mnyororo mvivu unakata tena. Nikamwambia kijana akipunguze. Akapiga tupa jioni nzima, kinundu baada ya kinundu, kwa macho tu, bila kipimo. Asubuhi msumeno ulikata kweli, lakini kwa kurukaruka, kama mbwa anayevuta kamba. Aliniambia, "Bwana misitu, leo unaniruka." Nikamjibu kwamba tumebakiwa na siku nne.

Karibu na saa sita ncha ya msumeno iligusa tawi la mpingo lililojificha nyuma ya lile alilokuwa akilikata. Msumeno uliruka nyuma na juu, ukamkata begani upande wa kushoto, karibu na shingo. Tulimfunga kwa shati langu na kwa kanga ya mama mmoja aliyekuwa akiokota kuni, tukamshusha kwa machela ya miti hadi chini, na kutoka huko gari likampeleka hospitali. Hakufa. Ila mkono wa kushoto haukuinuka tena juu ya kifua.

Wiki iliyofuata nilijaza fomu. Palikuwa na mstari mmoja uliosema: chanzo cha ajali. Niliandika, "Uzembe wa mwendeshaji." Niliamini hivyo, au niseme sikuwa na maneno mengine, na maneno yale yalikuwa yamekaa tayari mkononi kwa sababu fomu nyingi za wakati ule zilijazwa hivyo hivyo. Kwa maneno yale matatu hakupata fidia, na kazini hakurudi.

Miaka miwili baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo mafupi katika Chuo cha Viwanda vya Misitu, Moshi. Mkufunzi wetu alikuwa mtu wa kupenda hadithi, na siku ya kwanza hakutufundisha kunoa; alitusimulia asili ya kitu tulichokuwa tumekishika. Alisema msumeno wa mnyororo uliundwa Ujerumani na Andreas Stihl. Ule wa kwanza wa umeme, mwaka 1926, ulikuwa na uzito wa kilo 64, na ule wa petroli wa mwaka 1929 ulikuwa na kilo 46, ukibebwa na watu wawili. Injini zilizidi kuwa bora, lakini minyororo ilikuwa na meno ya kukwaruza, kama ya msumeno wa mkono, na kunoa kwake kulikuwa adhabu. Ndipo Mmarekani mmoja, mkata magogo aitwaye Joseph Cox, alipokuwa akipasua kuni siku moja ya baridi mwaka 1946, alipomwona funza wa mdudu wa miti akitafuna kisiki. Funza yule hakujali ubichi wala ukavu. Alikata kushoto, akakata kulia, kwa taya mbili zilizopinda. Cox akaenda nyumbani kwake Portland, katika jimbo la Oregon, akatengeneza mnyororo wenye meno ya namna ile, moja la kushoto, moja la kulia. Novemba 1947 akaanzisha kiwanda. Minyororo mingi ya misumeno inayouzwa duniani hadi leo ni wajukuu wa taya za yule funza.

Nilikaa nikihesabu. Novemba 1947. Mwezi ule baba yangu alikuwa Kongwa, ananasua mnyororo wa meli kwenye visiki. Upande mmoja wa dunia mtu aliinama akamtazama mdudu anavyokula mti. Upande wetu palikuwa na mchwa wa kutosha kufundisha chuo kizima, lakini ratiba ilisema ekari 150,000.

Siku ya pili mkufunzi alituwekea minyororo miwili juu ya kitambaa, akatupa kioo cha kukuzia. Jino la kwanza, pembe yake ya juu ilikuwa kali, imekatwa mraba kama patasi. La pili, pembe ile ilikuwa imeviringwa kidogo, kama ukucha uliokatwa vizuri. Ule wa patasi, alisema, ndio wenye mbio: katika msindano wa Sao Hill, mti laini, mbichi, uliosimama safi, unapita kama kisu katika papai. Lakini makali yake yote yamekaa katika ncha ile moja, na ncha ikigusa mchanga mara moja imekwisha. Wenye pembe ya mviringo huenda polepole zaidi. Ila makali yake yametandazwa. Pakikwaruzwa hapa, pale panaendelea kukata. Huo ni wa mti mgumu, mti mkavu, mti wenye vumbi, na kazi ya karibu na ardhi. Akauliza, "Nani hapa anatoka Dodoma au Singida?" Nikainua mkono. Akaniambia, "Wewe usinunue mwingine."

Kisha akaeleza kinundu. Kinundu ndicho kinachoamua jino lichukue mti kiasi gani kwa kila pigo. Kikiwa chini ya makali ya jino kwa milimita 0.65 hivi, jino linachukua tonge la kumezeka. Ukikipunguza kupita kiasi, jino linachukua tonge lisilomezeka, linakwama, na nguvu yote ya injini inarudi kwa mshikaji. Zaidi ya yote kama ncha ya upanga wa msumeno imegusa kitu, hasa sehemu yake ya juu. Alilieleza jambo hilo kwa chaki, kwa dakika tano au sita, kisha akaendelea na habari za oili. Sikusikia habari za oili.

Tangu siku ile nimechagua minyororo mingi ya kufungulia njia, na wanaonijua huniuliza. Kwa kuwa nimeianza habari hii dukani, niseme machache ya dukani. Kwanza umbali wa pete: pima kutoka ribiti ya kwanza hadi ya tatu, ugawe kwa mbili. Kwa msumeno wa kubebwa mlimani kutwa nzima, mnyororo wa inchi 0.325 unatosha, na upanga mfupi ni bora kuliko mrefu, maana katika kichaka ncha ndefu inagusa usivyoviona. Tupa yake ni ya milimita 4.8, na tupa iwe ya saizi hiyo kweli, si ya kukaribia. Kwa mpingo na mkambala, miti migumu na mikavu, mimi hunoa jino kwa pembe ya nyuzi 25 badala ya 30; linakata polepole kidogo, linadumu. Kuna minyororo yenye meno ya kabaidi, madini magumu, ambayo wazimamoto wa nchi za nje hutumia kutobolea mapaa. Inastahimili mchanga sana. Lakini ni ghali, na haikubali tupa ya kawaida, inataka jiwe la almasi. Ukiwa Kiboriani na jino moja limevunjika, umebeba pambo. Nao wanaotia mnyororo oili chafu ya gari ili kuokoa fedha, huwa nawaambia waonje kwanza chembe za chuma zilizomo.

Siku hizi Dodoma ni jiji, tangu mwaka 2018, na mnyororo wa aina yoyote unapatikana. Muuzaji ni kijana mwenye simu mbili, na haulizi unakwenda kukata nini. Hata hivyo sehemu kubwa ya kazi haipo dukani. Kabla ya kukata kisiki, piga ganda lake kwa kisogo cha shoka mpaka udongo wa mchwa udondoke. Kisiki kilicho usawa wa ardhi usikiguse kwa msumeno kabisa. Kichimbulie, tumia shoka na sururu kama wazee wetu, chuma cha shoka kinaweza kunolewa kwa jiwe lolote la mtoni. Na mahali pengine usikate. Nilipoirudia ile njia miaka ya baadaye nilikuta kwamba sehemu zilizodumu vizuri ni zile tulizozungusha kwa uvivu, kwa sababu minyororo ilikuwa imekwisha.

Nilistaafu mwaka 2015. Mwaka 2019 nilichukua basi hadi Mpwapwa, nikapanda bodaboda hadi kitongojini kwake. Nilikuwa nimekuta habari zake kwa watu: ana wajukuu, anafuga mbuzi, anatengeneza mipini ya majembe kwa mkono mmoja na magoti. Nilimkuta chini ya mkwaju. Nikasema, "Mbukwenyi." Akaitikia, akanitazama sana, kisha akasema, "Bwana misitu. Umekuwa mzee." Mke wake akaleta kigoda.

Nilikuwa nimebeba mnyororo katika mfuko, wenye pembe za mviringo, kwa sababu sikujua nianze vipi bila kitu mkononi. Nikamweleza yote: pembe ya jino, mchanga wa mchwa, kinundu. Alisikiliza bila kunikatiza. Akauchukua mnyororo, akaupitisha polepole chini ya kidole gumba, jino la kushoto, jino la kulia, akakigusa kinundu kimoja akakaa nacho.

"Hiki," akasema, "nilikijua siku ile ile. Nilikwambia unaniruka."

"Uliniambia, ndugu yangu."

"Kwenye karatasi uliandika nini?"

Nikamwambia. Hakuwahi kuyaona maneno yale. Alikuwa ameambiwa tu kwamba fomu imemkataa. Alinyamaza muda mrefu, mbuzi mmoja akaja akanusa mfuko wangu, akamfukuza. Kisha akamwita mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la sita, akamwambia alete daftari na kalamu. Akaniambia niandike upya.

Nikamwambia kwamba hata nikiandika, hapana ofisi itakayoipokea baada ya miaka thelathini na mitatu. Akasema hakuniomba niipeleke ofisini.

Niliandika pale chini ya mkwaju, kwenye karatasi yenye mistari, kwa mpangilio wa fomu ile kadiri nilivyoukumbuka: mahali, tarehe, kazi iliyokuwa ikifanyika, jina la aliyeumia. Nilipofika kwenye chanzo cha ajali niliandika aina ya mnyororo, nani aliuchagua, na nani aliamuru kinundu kipunguzwe. Nikatia sahihi. Mjukuu akaisoma kwa sauti, akikwama kwenye maneno ya kiufundi, babu yake akimsahihisha. Ilipokwisha aliikunja mara nne, akaingia ndani, akaiweka katika bahasha ya plastiki pamoja na cheti chake cha ubatizo. Mnyororo alibaki nao.